Kikopo cha Mdogo

Nilichoka kabla sijaanza. Hilo niliseme mapema, kwa sababu watu wakisikia kwamba niliwahi kutoa maziwa yangu kwa watoto wa mwingine, hunitazama kwa macho ya kanisani, kana kwamba nina mabawa chini ya blauzi. Mabawa hayakuwapo. Kilichokuwapo ni kiti cha plastiki kilichopasuka mguu, mgongo uliokuwa ukiniuma tangu mimba, na blauzi yenyewe, ambayo haikukauka hata siku moja.

Binti yangu alikuwa amezaliwa kabla ya wakati wake, mwezi wa Juni, wakati baridi ya Lubumbashi inaingia mpaka ndani ya mifupa na hata wauza makaa wanatembea wamefunga majaketi hadi shingoni. Alikuwa mdogo sana, lakini mkorofi. Alilia kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, na wauguzi walisema hiyo ni dalili njema. Walinifundisha kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya kitenge, kama walivyofungwa watoto wote wa chumba kile cha hospitali. Basi kazi yetu sisi akina mama ilikuwa kukaa. Unakaa, unampa mtoto joto lako, unakamua maziwa, unamnywesha kwa kijiko au kupitia mrija mwembamba uliopitishwa puani, halafu unakaa tena. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Katuba. Nimezoea kusimama asubuhi hadi mchana mbele ya watoto waliobanana watatu watatu kwenye dawati, na sijawahi kuchoka kwa kusimama kama nilivyochoka kwa kukaa.

Maziwa yangu yalikuja mengi mahali ambapo hayakuwa na mtu wa kuyamaliza. Binti alikunywa kidogo sana, tena kwa madaha, akisinzia kati ya kijiko na kijiko. Mimi nilivuja kama bomba la barabarani. Nisipokamua, matiti yaliwaka moto na kuwa magumu, nikashindwa hata kuinua mkono kujisuka nywele. Kwa hiyo nilikamua, nikampa binti yangu sehemu yake, na yaliyobaki niliyamwaga kwenye sinki.

Muuguzi mkuu wa chumba kile alinikuta nikimwaga. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, na mwendo wa mtu ambaye miguu yake imevimba tangu jana.

"Mama, ile maziba unaimwanga?"

"Mutoto hamalizake."

"Usiimwange tena. Kuya kwanza, tusemezane."

Alinikalisha kwenye kitanda kisicho na mtu na kunieleza. Katika chumba cha ndani, penye mashine ya joto, waliletwa mapacha wa kiume. Mama yao alikuwa amepasuliwa, homa ikampanda, akawa amelazwa jengo jingine, hana hata tone. Mtoto mkubwa alikuwa hana neno. Maziwa ya unga aliyafakamia kama mtu aliyealikwa harusini, na alikuwa amekwisha kutolewa kwenye mashine. Shida ilikuwa mdogo. Huyo tumbo lake lilikataa unga. Kila walipomjaribishia, lilivimba na kuwa gumu, na ngozi yake ikabadilika rangi. Alihitaji maziwa ya mtu.

"Siwezi kukulazimisha," muuguzi alisema. "Lakini ule mutoto, tumbo yake inakatala maziba ya boîte, ile ya unga. Tukiendelea vile, atakufa."

Nimesikia kwamba kuna miji yenye nyumba maalumu ambamo maziwa ya akina mama yanapimwa, yanahifadhiwa kwenye baridi na kugawiwa kwa wanaohitaji. Sisi tulikuwa na muuguzi yule, jiko la umeme lenye jicho moja, sufuria, chupa ya kioo, na mimi. Aliomba kuona vipimo vyangu vya wakati wa mimba, akahakikisha kwamba sina ugonjwa unaopita kwenye maziwa. Akanionyesha jinsi atakavyofanya: chupa ya maziwa inasimamishwa ndani ya maji ya sufuria, maji yakianza kutokota chupa inatolewa, inafunikwa, inaachwa ipoe. Alieleza taratibu kama anayefundisha kupika, na kwa kweli nilikuwa nasinzia.

Nilimjibu kwamba nitamuuliza baba ya mtoto. Ilikuwa njia ya kununua muda tu, maana mume wangu hanikatalii mambo ya mwili wangu. Yeye ni mchomelea vyuma huko Ruashi, na jioni alikuja akinuka chuma, amebeba bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ndani ya bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Alinisikiliza akiwa amemshika binti yetu kidole.

"Weye ule kwanza, ushibe," alisema. "Mutoto yetu akishiba, yenye inabakia bape."

Nilikasirika kwamba jambo lilikuwa rahisi hivyo kwake. Kutoa ni moyo, si utajiri, ndivyo tunavyoambiwa. Waliosema hivyo hawajakamua. Unabana kwa vidole, unaachia, unabana tena, maziwa yanatoka kwa nyuzi nyembamba zinazokwenda kila upande isipokuwa kikopo kilipo, na kifundo cha mkono kinauma kama umefua mablanketi. Nilijua pia kwamba kila nikikamua kwa ajili ya mwingine, binti yangu atakuwa kifuani ananusa. Niliona wivu kwa niaba yake. Hata hivyo asubuhi nilimwambia muuguzi ndiyo, nikapewa kikopo kidogo cha plastiki, chekundu, chenye mfuniko. Mdogo alikuwa na chake hicho, kisichanganywe na cha mtu.

Siku hiyo hiyo nilimjua bibi yao, mama wa yule mgonjwa. Wazee wake walitoka Kasai zamani kutafuta kazi, naye amekuwa muuza vitenge hapa mjini maisha yake yote. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na alivaa kitenge kilichopigwa pasi hata katika chumba kile cha jasho na maziwa. Alipiga magoti mbele ya kiti changu kilichopasuka mguu, mwanamke wa umri wa mama yangu, akapiga makofi ya polepole. Kisha akaniwekea kidumu cha munkoyo, ile togwa yetu ya mahindi na mizizi, na mfuko wa karanga mbichi za kuchemsha.

"Kunywa, mama. Hii inaletaka maziba. Kuanzia leo weye njo mama yabo."

"Ya mudogo tu, kaku," nilimsahihisha bibi, kwa sababu ya ualimu.

"Yabo," alisema, akainuka kwa kushika goti langu.

Basi tukawa na utaratibu. Nikisha kukamua, bibi aliwahi kukichukua kikopo chekundu mikononi mwangu, akikipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea komunyo, akakipeleka kwa muuguzi ayatie maziwa kwenye chupa na kuyapasha moto. Baadaye muuguzi aliyamimina kwenye mrija, kidogo kidogo, yakashuka yenyewe. Mara moja moja niliingia kule ndani kumtazama mdogo. Alikuwa na uso wa mzee, miguu kama vidole vyangu, na tabia moja ya kutisha: alisahau kupumua. Ghafla kifua kilitulia. Muuguzi alimgonga unyayo kwa ncha ya kidole, kama unavyogonga mlango wa mtu unayemheshimu, naye akakumbuka, akaendelea. Walisema watoto wa namna hiyo husahau mpaka wakomae. Kazi ni kuwakumbusha na kuwanenepesha.

Lakini hakunenepa. Kila asubuhi alipopimwa, muuguzi aliikunja midomo. Siku moja alinijia kitini.

"Mama, maziba yako inapunguka?"

"Hapana. Kopo inajalaka."

"Mi napataka nusu."

Kati ya mikono yangu na yake palikuwa na bibi tu. Nilimfunga vizuri binti yangu kifuani na kutoka nje, mara yangu ya kwanza kutembea haraka tangu nijifungue. Uani, nyuma ya kamba za nguo, palikuwa na ukuta ulioota jua la asubuhi. Bibi alikuwa amekaa hapo juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mapajani alikuwa na mjukuu mkubwa, amefungwa kofia ya sufu, na kikopo changu chekundu kilikuwa wazi pembeni yake. Alikuwa akimnywesha kwa kijiko. Mtoto alilamba na kutafuta kingine.

Nikisema nilikasirika, nimesema kidogo. Vidole vyangu vilikuwa vimevimba kwa ajili ya kile kikopo.

"Kaku! Unafanya nini?"

"Minabagawia," alijibu, wala hakushtuka.

"Ile iko ya mudogo! Huyu eko na yake ya boîte!"

"Mama, aba ni mapasa. Mapasa habapewake kimoja."

Akanieleza kwa upole, huku akikifuta kijiko. Ukienda kuwasalimia mapacha, unaweka sarafu katika mkono huu na sarafu katika mkono ule. Ukinunua kitambaa, unakata viwili katika jora moja. Mmoja akiimbiwa, na mwingine anaimbiwa. Hata majina yao hayatafutwi. Yapo tayari, yanawangoja. Wamekuja pamoja kwa hiari yao, na mmoja akiona anapunjwa, anakusanya vitu vyake na kurudi alikotoka.

"Ule mukubwa akiona ndugu yake ananyonya mama, na yee ananyonya boîte, atasema nini?"

"Atasema ameshiba!" nilifoka. "Angalia mashavu yake!"

Wanawake waliokuwa wakifua waligeuka. Bibi hakupandisha sauti. Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonikera zaidi. Babu yangu aliendesha treni kutoka kaskazini mwa Katanga na alizikwa na padri. Mimi nilifundishwa katekisimu, usafi na sayansi, na nilikuwa nimevaa mtoto kifuani kwa sababu ya sayansi hiyo hiyo. Nilikichukua kikopo na kilichobaki ndani yake nikampelekea muuguzi.

Muuguzi alimwita bibi, akamkalisha.

"Kaku, ile maziba, uichukue kama dawa. Dawa ya mudogo."

"Hata dawa tunabapatiaka bote wawili," bibi alisema.

Muuguzi alivua miwani, akaiachia ining'inie kwenye uzi wake, akajifuta uso wote kwa kiganja. Alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akajaribu kwa Kifaransa. Mwisho bibi akasimama, akanyoosha kitenge chake na kusema kwamba kama si wote wawili, basi hata mmoja hapana. Mama yao alikuwa hajitambui kwa homa, baba yao alikuwa mbali kwenye machimbo, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa watoto wale pale. Hatakubali mmoja amwibie mwingine mbele ya macho yake.

Siku ile mdogo hakunywa maziwa yangu. Walimrudishia unga kidogo, uliochanganywa na maji mengi, na kabla ya mchana tumbo lake lilianza kuvimba. Nilikwenda kumwona. Nilirudi kitini nikasema sirudi tena kule, hayanihusu, nina mtoto wangu. Nikakamua, na sikumwaga. Nilikaa na kikopo kimejaa mapajani, kinapoa, huku bibi akiwa amekaa upande wa pili wa chumba na mkubwa mgongoni, tukitazamana kama mbuzi wawili kwenye daraja la mti mmoja. Yeye alikuwa anampenda yule mdogo. Hilo niliona. Aliogopa kumpoteza kuliko nilivyoogopa mimi, na alikuwa anazuia dawa yake kwa sababu ya hofu hiyo hiyo. Ukitaka kumpiga mtu kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja, basi umechoka kweli.

Sikuwa na wazo la busara. Nilikuwa na matiti mawili tu.

"Kaku," nilisema, "leta ule mukubwa."

Alikuja. Nilimsogeza binti yangu upande, nikampachika mkubwa titi la kushoto. Lo! Yule mtoto hakuwa amewahi kunyonya mtu, lakini alishika kama aliyekuwa akinidai tangu kuzaliwa. Alivuta hadi nikahisi mgongoni. Na hapo likatokea jambo ambalo sikulitegemea: titi la kulia, ambalo nilikuwa nimekwisha kulikamua, lilianza kutiririka lenyewe. Nilikuwa sijaligusa. Nilipiga kelele muuguzi aniletee kikopo kingine, nikakikinga tu, na maziwa yakashuka humo kwa nyuzi nne tano pamoja, bila vidole, bila kifundo cha mkono. Mkubwa alivuta kushoto, na chakula cha mdogo kikajaa kulia.

Muuguzi aliniambia sikioni kwamba ndivyo mwili ulivyo. Mtoto mwenye nguvu akivuta upande mmoja, upande wa pili nao unasikia. Nilimwomba asimwambie bibi maelezo hayo. Bibi alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, amejaa utulivu wa mtu ambaye ameshinda na hataki kukuaibisha.

"Si nilikuambia?" alisema. "Kushoto ya mukubwa, kuume ya mudogo. Usibadirishe."

Sikubadilisha. Tangu siku hiyo aliacha kugawa na kijiko. Wote wawili walikula kwa mama mmoja, kwa wakati mmoja, na hilo lilimtosha. Alikipeleka kikopo kimejaa, kikafika kimejaa, na tumbo la mdogo likalainika. Baada ya muda muuguzi akaacha kukunja midomo. Uso wa mzee ukaanza kupata mashavu. Siku moja nilipoingia nilimkuta amefungua macho, meusi, ya udadisi, akitazama taa ya mashine kama anayeisoma.

Mimi nikawa ng'ombe. Sina neno jingine. Binti yangu alikuwa amejifunza kunyonya, na alinyonya upande wowote ulio karibu, hakuwa na ubaguzi. Mkubwa alikuja na njaa yake ya harusini. Kikopo kilikuja na bibi. Nilipomaliza wa tatu, wa kwanza alikuwa anaamka. Nilikula bukari mpaka mume wangu akauliza kama nina wenzangu wanaonisaidia kula. Nilikunywa munkoyo nikiwa nimefumba macho. Nilisinzia nimekaa, mdomo wazi, karanga ndani ya shavu. Chuchu zilichanika. Nilipoinama kuchukua kitu, chumba kilizunguka. Akina mama wengine walinisifu, nami nilitamani mmoja wao anyamaze na anishikie mtoto. Nyakati nyingine ndege iliyokuwa ikishuka uwanja wa ndege wa Luano ilipita juu yetu, na niliwaza watu waliokaa humo, wamefungwa mikanda, hawana kitu cha kufanya kwa mikono yao, na niliwaonea wivu mpaka machozi.

Nilikuwa na hasira siku nyingi, na ninaitaja kwa sababu iliishi pamoja na jambo jingine. Nilianza kumpenda yule mdogo. Nilimpenda bila kumbeba, maana alikuwa bado hatolewi kwenye mashine. Nilijua tu uzito wa kikopo chake. Kikirudi kitupu, kimeoshwa, nilifurahi kama mama anayeona sahani imefutwa.

Halafu daktari akaniambia kwamba binti yangu amefikia uzito wa kwenda nyumbani. Kesho yake asubuhi, kama hana homa, tuondoke.

Nilitaka kitanda changu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nilitaka mlango ninaoweza kuufunga. Wakati huo huo niliona kikopo chekundu juu ya rafu, na muuguzi naye aliona ninachokitazama.

"Siwezi kukuambia ubakie," alisema. "Mama yabo amepona homa. Maziba inaanza kutoka, kidogo. Lakini bado haitoshe."

Nikamwambia nitakuja kila asubuhi kutoka Katuba, mpaka ya mama yao itoshe. Nilisema hivyo kwa sauti ya kulalamika, na yeye alinijua vya kutosha, akacheka. Bibi alipopata habari alipiga tena makofi ya polepole. Jioni ile nilikamua kikopo kikajaa hadi mfuniko ukagoma kufunga.

Asubuhi nilifunga vitu vyangu. Nilikunja vitenge, nikatoa karanga zilizobaki nikazigawa. Mume wangu alikuwa tayari yuko kwenye lango la hospitali na teksi. Nilikuwa nimemfunga binti yangu mgongoni, kwa mara ya kwanza mgongoni, kama mtoto wa kawaida, nilipoona kwamba chumba kiko kimya. Muuguzi alitoka chumba cha ndani, na miwani yake haikuwa usoni wala kwenye uzi, aliishika mkononi.

Alfajiri mdogo alikuwa amesahau kupumua. Walimgonga unyayo, hakukumbuka. Walimgonga tena, wakamsugua mgongo, wakampulizia pumzi kwa mpira. Tumbo lake lilikuwa laini, muuguzi alinihakikishia. Alikuwa ameshiba. Alisema hivyo kama anayenipa kitu nishike.

Mama yao aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Alikuwa msichana tu, amekonda, midomo imekauka kwa homa, na alikuwa ameing'ata. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani. Hakuna aliyelia. Mimi nilianza kulia kwa sauti, nikiegemea ukuta, na bibi alinijia haraka akanishika kidevu.

"Hapana, mama. Mapasa habalilwake. Ukilia, ule mwingine atasikia, atamufuata."

Nikameza. Nilijifuta uso kwa ncha ya kitenge iliyonuka maziwa yaliyochacha. Nilikuwa na hasira na Mungu, na kiti cha plastiki, na karanga zote zile. Vidole vyangu viliuma kwa kazi ambayo haikufika popote. Nilitaka tu kwenda nyumbani, nilale, nisiulizwe kitu.

Nilikuwa nimekwisha kuinua mfuko wangu bibi aliporudi. Mgongoni alikuwa na mkubwa, aliyeanza kulalamika njaa. Mkononi alikuwa na kikopo chekundu, kimeoshwa, hakina mfuniko.

Nilifikiri amechanganyikiwa. Wazee huchanganyikiwa kwa msiba.

"Kaku," nilimwambia polepole, "mukubwa ananyonya kwenye titi. Mwenye kopo hayuko tena."

"Eko, mama. Eko mu njia."

Akanyoosha kidole uani, kwenye ule ukuta unaoota jua la asubuhi, mahali pale pale nilipomfokea. Atayamwaga pale chini, alisema. Ndugu yake hawezi kula peke yake leo. Yule aliyeondoka ameondoka na njia ni ndefu. Asipopewa sehemu yake atageuka kuja kumwomba mwenzake, na mwenzake atamwonea huruma.

Siamini mambo hayo. Sikuyaamini siku ile, na nikiulizwa leo mbele ya padri nitasema siyaamini. Nilikuwa nimefoka uani kwa ajili ya nusu kikopo aliyopewa mtoto mwenye mashavu, na sasa nilikuwa naombwa kikopo kizima kwa ajili ya asiye na mdomo. Langoni teksi ilipiga honi. Msichana kwenye kiti cha magurudumu alikuwa ananitazama. Alitazama kikopo, akanitazama mimi, na nikaelewa kwamba mtu huyu hajawahi hata mara moja kumpa mwanawe yule chakula.

Nikaweka mfuko chini. Nilimfungua binti yangu mgongoni nikampa muuguzi, nikakaa kwenye kiti kile kile, nikampokea mkubwa. Alishika titi la kushoto kwa pupa yake, bila habari ya lolote, akavuta.

La kulia nalo halikuwa na habari. Lilianza kutoka lenyewe, kwa nyuzi nne tano, kama kila siku. Nilimwita yule msichana asogezwe karibu, nikampa kikopo akikinge yeye. Niliushika mkono wake kwa wangu. Tulingoja hivyo mpaka kikajaa. Kisha akampa bibi, mama yake, naye akakipokea kwa mikono miwili.